Andika Namba Tu

Jumapili, 5 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa. Mama ndiye ametoa amri. Baada ya zile kelele tulizopigiana kwenye simu, amesema mimi na wewe simuni ni salamu tu, tena spika ikiwa wazi naye akisikia. Mengine tuandikiane. "Kwenye karatasi mtu hawezi kumkatiza mwenzake," kasema. Na ujumbe wa simu siuwezi, maana simu yangu ndiyo simu ya wateja wake wa cherehani, kutwa iko mkononi mwake anatafuta vipimo vya mikono na viuno. Basi hii naipeleka ofisi ya vifurushi ya mabasi. Nimeambiwa ni siku nne.

Sasa, fomu yako. Nilikuomba uje umwone Mama, ukaleta fomu ya kujaza kwenye simu. Haya, nikaipokea. Kila Jumapili niingize vipimo vyake vya sukari vya siku saba, daktari wa kliniki avione hukohuko mezani kwake. Sikufichi, nilifurahi, nikajisifu mpaka kwa muuza vifungo. Lakini inanitoa jasho. Mama anaandika kwenye daftari la mistari, unamjua, kila siku na mstari wake. Siku aliyopima anaweka namba. Siku ambayo hakupima anaandika "bado". Leo nimeandika "bado" kwenye Jumanne kama alivyoandika yeye, fomu ikatoa maandishi mekundu: Andika namba tu. Jumatano nikaandika 11,4 na mkato wake, kama tulivyofundishwa shuleni. Nyekundu tena: Andika namba tu. Nikaandika "kumi na moja na kitu". Nyekundu. Nikaiambia fomu neno ambalo silirudii hapa, Mama akauliza, "Nani huyo unamtukana?"

Nifanye nini na hizo bado? Nijibu upesi. Shule zinafunguliwa, tuna mashati meupe mia mbili na arobaini, Mama anashona na mimi napiga pasi na kukaza vifungo, na katikati ya yote anakunywa maji kama mtu aliyetoka kuchimba kisima. Ndoo ndogo inaisha kabla ya saa sita mchana. Nimemwambia, amesema ni joto. Joto gani, mimi mwenye pasi ndiye ningelalamika.

Ni mimi dada yako,
wa pasi


Ijumaa, 10 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wamegeuka. Fomu haijakukosea kitu, usiitukane bure.

Iko hivi. Kompyuta haijui "bado" ni nini. Inajua namba. Nimeiwekea mlinzi mlangoni: asiyekuwa namba haingii. Mkato pia hauingii, tumia nukta, 11.4. Kama siku fulani hakuna kipimo, usiandike chochote, acha kisanduku wazi. Fomu itaelewa yenyewe. Acha wazi tu, uendelee na siku inayofuata, ukimaliza ubonyeze kitufe cha kijani.

Kuhusu kuja, Dada, tusirudi kule. Nina kazi ambayo haina likizo mwezi huu wala ujao. Ndiyo maana nikatengeneza hiyo fomu, nimwone Mama kila wiki hata nikiwa huku. Naifungua kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai. Nipe nafasi na mimi nimtunze kwa ninachokijua.

Mwambie apunguze sukari kwenye chai. Namjua, anaweka kijiko cha pili ukigeuza uso.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumapili, 26 Januari

Kitinda,

Marahaba ya ile shikamoo.

Nimefanya ulivyosema. Nukta badala ya mkato, na penye "bado" naacha wazi. Kweli, nyekundu hazitoki tena. Wiki ya kwanza nikabonyeza kijani, ikaja namba kubwa katikati ya kioo: Wastani 7.0. Wiki iliyofuata: Wastani 6.2. Na chini yake maneno, "Hongera." Mama akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akachukua shati la mtu akajifuta nalo uso.

Ijumaa tulikwenda kliniki. Daktari alikuwa na karatasi iliyotolewa kwenye fomu yako, wastani wa wiki hadi wiki, hakuna kingine. Alimpima palepale. Mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, kwa hofu ya kugombezwa, basi kipimo hakikutisha. Daktari akasema anaendelea vizuri sana, na kwa umri wake ni hatari sukari ikishuka mno. Amempunguzia vidonge nusu. Mama alitoka pale anatembea kama bibi harusi.

Mimi sina raha, mdogo wangu. Hesabu ilinipiga chenga tangu darasa la nne, unajua, lakini macho ninayo. Ninaingiza kumi na nne. Ninaingiza kumi na tano na nusu. Inatoka sita. Hizo sita zinatoka wapi? Nikimuuliza Mama anasema nisimwombee mabaya. Na kuna jambo hajui kama nimeliona: kidole gumba cha mguu wa kulia kina kidonda. Alijigonga kwenye kanyagio la cherehani wiki tatu zilizopita, ngozi tu, kitu cha siku nne. Mpaka leo kibichi. Anavaa soksi ndani ya nyumba, kwenye joto hilihili analolilalamikia.

Niangalizie hesabu hiyo. Nakuomba.

Dada yako


Ijumaa, 31 Januari

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili na nakuomba usiichukulie vibaya hii yangu.

Wastani ni wa wiki nzima. Wewe unakumbuka siku mbili mbaya, zilizokutisha, unasahau siku nzuri. Binadamu wote tuko hivyo. Kompyuta haina siku inayoipenda wala inayoiogopa, inajumlisha zote saba na kugawa. Mstari wa Mama umeshuka kutoka wiki ya kwanza mpaka sasa kama ngazi. Nimeuchapa kwenye karatasi nikaubandika ukutani juu ya meza yangu. Bosi ameuona, akauliza ni mteja gani, nikamwambia ni mama yangu mzazi. Dada, sijawahi kusikia raha ya namna ile. Na daktari ameniandikia kuwa ameshaingiza wagonjwa wengine kumi na mmoja kwenye fomu hiyohiyo, na kliniki nzima inaitaka.

Sasa wewe unataka nimwambie nini? Kwamba dada yangu ana wasiwasi? Kidonda kioshwe, kifungwe, kitapona. Usimtie Mama hofu, hofu nayo inapandisha sukari.

Na tafadhali, kila barua usinipigie mlango uleule wa kuja nyumbani. Najua hukuandika safari hii, lakini nimeusikia.

Kitinda


Jumapili, 9 Februari

Kitinda,

Siandiki nyingi. Hasira ninazo na karatasi ni moja.

Kidole kimekuwa cheusi pembeni. Nimekiona jana alipokuwa anaoga, nimeingia kwa nguvu. Jana hiyohiyo alikosea kukata kola tatu mfululizo, akasema kitambaa kinacheza. Mama hajawahi kukosea kola tangu sijazaliwa. Siku ya kliniki ni mbali lakini nitamburuza kesho, daktari apende asipende.

Ndani ya kifurushi hiki kuna daftari lake. Nimeliiba mezani, nimelifunga kwenye kipande cha shati ili lisilowe. Lifungue. Zima hiyo kompyuta yako. Chukua kalamu kama mtoto wa shule, hesabu mwenyewe. Kama kweli ni sita nitakuomba radhi, nipige magoti mbele ya hiyo fomu.

Dada


Alhamisi, 13 Februari

Dada yangu,

Nimeshampigia daktari kabla ya kushika kalamu. Nimemwambia arudishe vidonge vyote leo, asisubiri karatasi yoyote kutoka kwangu, na akague wale wagonjwa kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kwa mashine, si kwa fomu. Kasema mlifika Jumatatu na ameshawapa rufaa ya hospitali kubwa kwa ajili ya mguu. Hakunigombeza. Ni afadhali angenigombeza.

Ulikuwa sahihi. Nakuandikia kilichotokea, kwa sababu una haki ya kukijua kwa lugha ya kueleweka.

Kila unachoandika kwenye kisanduku, hata ukiandika 14, kwa kompyuta si namba. Ni maandishi, kama vile umeandika jina la mtu. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza maandishi yawe namba kabla ya kuyajumlisha. Nilitumia njia fupi, mstari mmoja. Na njia hiyo ukiipa kisanduku kitupu haikuambii "humu hamna kitu". Inakurudishia sifuri, kimyakimya. Wekundu hautoki. Wekundu niliuweka kwa ajili ya kukugombeza wewe na mkato wako. Lile kosa kubwa nikalifungulia mlango wa mbele.

Wiki ya tarehe 13 Januari, kwenye daftari: Jumatatu 14,0. Jumatano 15,5. Jumamosi 13,6. Siku nne zilizobaki, bado. Wewe ukaziacha wazi, kama nilivyokuagiza mimi kwa mkono wangu. Kompyuta ikajumlisha 43.1 na sifuri nne, ikagawa kwa saba, ikapata 6.2, ikasema hongera. Nimegawa kwa tatu. Ni 14.4. Nikagawa tena kwa kalamu, pembeni ya gazeti. Ni 14.4.

Mtu mwenye sukari sifuri ni maiti, Dada. Kwa fomu yangu Mama alikufa mara nne wiki ile, na mimi nikambandika ukutani.

Unadhani sikujua kwamba kitupu hugeuka sifuri? Nilijua. Ni kitu cha kwanza kufundishwa. Nilisema nitakiangalia baadaye. Halafu namba zikawa nzuri, na nani anachokonoa namba nzuri?

Nimeirekebisha. Sasa inauliza kwanza kama kisanduku kina kitu kabla ya kugeuza chochote. Kikiwa kitupu, siku hiyo haihesabiwi, na wastani unaandikwa pamoja na idadi ya siku: "siku 3 kati ya 7". Mkato unapokelewa. Na ukiandika "bado", inaipokea bado kama ilivyo.

Lakini kuna kitu sikielewi. Hizo "bado" ni nyingi mno. Januari peke yake ni kumi na saba. Mashine anayo, vijiti vya kupimia nilituma boksi zima. Muulize alikuwa wapi siku hizo. Na muulize, kwa nini "bado"? Kwa nini si kistari, au sifuri, kama watu wengine?

Niambie mguu unaendeleaje. Nisamehe.

Kitinda


Alhamisi, 20 Februari

Kitinda,

Kidole kimekatwa Jumatatu. Kile gumba, cha mguu wa kulia, anaokanyagia cherehani. Daktari wa upasuaji amesema tungechelewa wiki mbili angekata mpaka kwenye kifundo. Kwa hiyo sijui nikushukuru au nikupige. Nitaamua nikikuona, kama nitakuona.

Sasa sikiliza, maana umesema yako yote na mimi nina yangu. Nimekuacha ujibebeshe mzigo peke yako wiki nzima, si haki.

Unauliza alikuwa wapi siku za bado. Alikuwa mezani kwake, anashona mashati meupe. Ukichoma kidole kutoa damu, lile tundu halizibi hapohapo. Unashika kitambaa, kidogo tu, unakuta alama. Desemba mwishoni alitia damu kwenye kola. Ndogo, kama kichwa cha sindano. Mwenye shati akalirudisha, kasema mtoto wake havai damu ya mtu. Mama akalifua kwa maji baridi, akalianika, akalifua tena, ikabaki rangi ya chai. Na mimi, mimi dada yako ninayekuandikia barua za kujifanya malaika, nilimgombeza. Nilimwambia, "Mama, ama upime ama ushone, huwezi vyote." Kwa sauti, mbele ya wateja wawili.

Akaacha kupima siku za nyeupe. Alikuwa anangoja siku za kaptula za bluu, kwenye bluu damu haionekani. Angalia daftari, utaona: penye namba ni bluu, penye bado ni nyeupe. Msimu huu shule mbili zimebadili sare, nyeupe haziishi. Mimi nilijua, Kitinda. Nilikuwa naiona hiyo bado kila Jumapili na najua imetoka mdomoni mwangu, nikaificha nyuma ya kelele za fomu yako. Fomu ilikuwa mbovu kweli, Mungu anajua. Ilinifaa kwa ubovu wake.

Nimemwambia yote jana, hospitalini, na nimemsomea barua zako zote. Nilidhani atazimia. Aliuliza kama kola zile tatu zimekatwa upya. Halafu akaomba karatasi yake mwenyewe, amesema swali la mwisho atalijibu yeye.

Dada


Jumapili, 23 Februari

Kitinda wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kasoro kidole. Nimerudi nyumbani. Najifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, inakwenda kama mlevi lakini inakwenda. Wewe na dada yako mmelia vya kutosha, sasa basi. Sikuzaa watoto wawili waje washindane nani kanikata kidole. Kidole changu, na niliyenyamaza ni mimi.

Umeuliza kwa nini naandika bado. Hilo nalo swali, na shule yote ile? Mteja akija kuulizia nguo yake na sijaishona, nimwambie sifuri? Namwambia bado. Anaelewa, anakwenda zake, anarudi Alhamisi. Kila siku niliyoandika bado nilikuwa na nia ya kupima. Nilisema nikimaliza mikono hii miwili, nikimaliza kola. Jua likazama, sikupima, lakini nia ilikuwepo. Ningeweka kistari ningekuwa nimejikatia tamaa. Na sifuri ni kipimo, mwanangu. Mimi si fundi wa kompyuta na hilo nalijua.

Dada yako kaniambia fomu mpya inakubali bado. Vizuri. Mshukuru aliyeitengeneza.

Sasa nimenunuliwa kidude cha mpira cha kuvaa kidoleni nikishapima. Damu haigusi nguo. Kitu chenyewe kidogo hivi, wala si cha kukatia mtu mguu.

Daftari langu liko kwako. Umelisoma kwa mbele. Ligeuze, ulifungue kwa nyuma, kuna ukurasa hukuufikia, ungeufikia nisingeona maswali yako. Ukimaliza ulirudishe. Usilitume kwa basi, vifurushi vinapotea.

Mama yako,
fundi


Ijumaa, 28 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mpe na Dada shikamoo yake.

Nimeligeuza daftari. Lilikuwa mezani kwangu siku kumi na tano, nimelibeba kwenda nalo kazini na kurudi nalo, nimelihesabu mstari kwa mstari mpaka kurasa zimelegea, na sikuwahi kulifungua kwa nyuma.

Umeandika mwaka, kisha "Kitinda kuja", kisha jibu. Mistari saba. Nimekuwa nikiwaambia watu hapa kwamba nina miaka kama mitatu sijafika nyumbani. Wewe hukukosea hata mmoja. Wa kwanza bado. Wa pili bado. Wa tatu umeandika bado kwa kalamu nyekundu, nadhani ya bluu ilikuwa imeisha. Wa nne, wa tano na wa sita, bado.

Wa saba ni wa mwaka huu. Umeandika mwaka, umeandika "Kitinda kuja", na mbele yake hakuna kitu. Hata bado haipo.

Nimekaa mbele ya hiyo nafasi tangu jana. Nimesema labda ulichoka. Nimesema labda mteja aliingia ukaweka kalamu chini. Nimesema labda umeacha kungoja. Niliwahi kuona nafasi iliyo wazi nikajijazia mwenyewe nilichotaka, na unajua ilivyotugharimu. Hii siigusi.

Nimeomba ruhusa kazini. Walisema nisubiri Aprili, nikawaambia Aprili ni mbali. Karatasi ya ukutani nimeibandua. Nasafiri Jumatatu kwa basi la asubuhi, kwa hiyo nitafika na barua hii au nitaitangulia. Daftari liko kwenye mkoba wa kifuani, silitoi.

Nikifika usinipe chai kwanza. Nipe kalamu, uniambie pale palitakiwa kuandikwa nini.

Kitinda